Sahihi

Ya kwanza ilikuja na njugu.
Marikiti, mwaka wa sabini na moja, mimi karani mpya wa mahakama,
muuzaji kakunja karatasi ya serikali ikawa kibweta chenye ncha.
Nikatafuna mpaka chini, chumvi na maganda mekundu,
na chini kabisa jina la Bwana Disii
limelala kwa wino wa kahawia,
herufi ya mwisho imepinda kama ndoana.

Nikaipangusa mafuta kwa shati, nikenda nayo nyumbani.
Zuwena akasema: waume wengine hurudi na nyama.

Miaka hamsini sasa nazikusanya.
Yuko aliyetia sahihi kama mtu afukuzaye nzi,
yuko aliyekandamiza hadi nibu ikatoboa,
na mmoja, mgonjwa wa homa nadhani,
jina lake lateremka ukurasa
kama mtu anayeshuka ngazi gizani.
Ninavyo vibali vya ngoma, ruhusa za kuchinja,
faini ya kutema mate Ndia Kuu.
Nazilaza ndani ya plastiki. Nazishika kwa glavu.
Mchwa wa Kibokoni wananichukia.

Kisha akaja kwa barua bwana mmoja wa Konektikati,
mgonjwa wa ugonjwa wangu.
Akanitumia hati ya zamani zao, mwaka 1774:
mweka hazina wa koloni aamuru alipwe
fundi aliyeezeka paa la jela,
pauni tatu, shilingi sita.
Nilicheka peke yangu barazani.
Kumbe nao walihesabu shilingi,
kumbe nao walikuwa na Gavana
na meza ya kusimama mbele yake kofia mkononi.
Katikati pana mkato wa kisu: deni limekwisha.
Na mahali pa fundi, msalaba mdogo uliotetemeka,
karani kaandika kando: alama yake.
Ile sahihi kubwa yenye madaha niliitazama mara moja.
Ule msalaba, usiku kucha.

Naye akaomba badala, kwa adabu:
sahihi moja ya Disii wa Mombasa, kabla ya vita,
"iwe safi, tafadhali.
Vidole gumba vya wenyeji hushusha bei."

Nikafungua makabati.
Safi zilikuwa mbili tu, zote leseni za mbwa.
Mbwa hakutakiwa kukubali chochote.

Nyingine zote zina doa.
Hii hapa: kiwanja cha Kuze, mwaka wa thelathini na nane,
kimetwaliwa kwa haja ya umma, shilingi arobaini.
Chini ni ndoana yangu ya kale,
na ubavuni mwake dole la zambarau,
duara ndani ya duara, kama kawa iliyosukwa bila haraka.
Natum binti Fuma.

Niliuliza, nikaelekezwa: bintiye yuko Guraya, ghorofa ya pili.
Nikamwambia Bi Rukiya mapema, asije akatumaini,
kiwanja hakirudi, pale pana duka la vigae.
"Nani kakuuliza kiwanja? Nisomea jina."
Nikasoma.
Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, akaivaa tena.
"Huyo ni nani?"
Nikanyamaza.
"Mamangu ni Mwanatumu. Na babake ni Famau.
Hiyo sahihi mwaiona nyote. Jina si sahihi."

Sijapata kuandika juu ya hati. Hata nukta.
Nikavua glavu. Nikaomba penseli,
wakanipa ya kitukuu, imetafunwa kisogoni,
na yeye akanitajia silabi moja moja
kama anayekabidhi vyombo vya harusi,
nami nikaandika, mkono ukinicheza,
hapo juu ya dole, palipokuwa na nafasi.

Bwana wa Konektikati nimempelekea leseni ya mbwa.
Amefurahi mno. Asema hajapata kuona
karatasi safi kama ile.